Kamera isiyoingia maji ina ukungu ndani? Usiitangaze kwanza

Leo naongea na nyie mnaouza kamera zilizotumika, zile zisizoingia maji. Mimi zilishanitia hasara. Nilimuuzia mteja wa Mbeya kamera safi kabisa, wiki haijaisha ananitumia picha: kioo kina ukungu kwa ndani. Nikarudisha hela yote, na nauli ya mzigo kurudi juu yangu.

Nilijua inavuja. Wala! Kosa nililifanya mwenyewe hapa Kyela. Siku ya mvua nilifungua mlango wa betri nitoe memori kadi, nikafunga. Hewa yetu mnaijua, hata chumvi inalowa mezani. Ule unyevu ukabaki umefungiwa ndani. Kufika Mbeya kwenye baridi, kioo kikapoa, unyevu ukageuka vitone. Ni kama chupa ya soda ya baridi inavyotoka jasho, ila hapa jasho liko ndani. Matema ni vilevile: kamera imepigwa jua kwenye mtumbwi, ghafla unaizamisha ziwani.

Ukiona hivyo, zima, toa betri na kadi, acha milango wazi. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vitano sita, siku mbili. Usianike juani wala usipulize draya, joto linaharibu mpira. Na mchele wetu uacheni, una vumbi linaloingia kwenye mlango wa chaja. Mchele wa Kyela ni wa kula.

Ila ukikuta matone yanayotembea, au kutu na weupe kwenye vyuma vya betri, huo siyo ukungu tena. Maji yameingia. Usiwashe, usichaji, mpelekee fundi. Mara nyingi shida ni ule mpira wa mlangoni: unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kupitisha maji. Ufute kwa kitambaa laini, uangalie kama umepasuka.

Mpira ukiwa mzima, kabla ya kutangaza naiweka kamera kwenye beseni la maji ya baridi dakika kumi, halafu naangalia kioo. Kikiwa na ukungu, inarudi kwenye kopo. Kikiwa safi napiga picha hapohapo ikiwa inachuruzika maji, na hiyo ndiyo picha ya tangazo. Betri na kadi za mteja nazitia humohumo ndani siku kavu, nafunga mlango, sifungui tena mpaka mzigo upande basi.