Karatasi ya tatu

Enzi za kampeni za Jakaya Kikwete, wimbo wa mikutano ya CCM, chama tawala cha Tanzania, ulikuwa mafiga matatu: rais, mbunge na diwani, wote wa chama kimoja, ndipo chungu kitulie. Walioibuni kauli hiyo walimjua mpiga kura. Hawakupoteza muda kumweleza mgombea udiwani ni nani wala alifanya nini mfereji wa mtaa ulipoziba. Walimwambia tu kwamba figa moja likipwaya, uji utamwagika. Na watu wengi wakafanya hivyo, karatasi tatu, alama tatu, chama kimoja.

Kuna wanaowacheka watu hawa, eti hawajui wanachochagua. Mimi naona wanajua vizuri sana. Wanajua fedha zinatoka wapi.

Hebu tazama diwani wa leo ana nini mkononi. Akipita mtaani huulizwa mambo mawili, barabara na maji. Barabara za mitaa na vijiji zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali kuu, tangu 2017. Maji ya vijijini yamekabidhiwa wakala mwingine, RUWASA, tangu 2019. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la halmashauri za miji, ilipelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na tangu 2021 mwananchi huilipa anaponunua umeme wa LUKU bila hata kuikumbuka halmashauri yake. Kodi ya maendeleo, ile iliyowafanya wanaume walale vichakani kukwepa mgambo, ilifutwa 2003. Hakuna aliyeililia, nami silii, lakini ilipoondoka iliondoka na sehemu ya jeuri ya halmashauri mbele ya serikali kuu. Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka Hazina.

Kisha kuna mkurugenzi. Huyu ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri, na huteuliwa na Rais. Diwani anaweza kumbana kwenye baraza, akagonga meza na kudai maelezo ya kila shilingi, lakini barua ya uteuzi haikutoka kwenye baraza hilo. Kwa miaka mingi mkurugenzi huyohuyo ndiye pia alisimamia uchaguzi uliomleta diwani.

Kwa hiyo mgombea wa chama tawala anaposimama kwenye uwanja wa shule ya msingi akasema, "Nipeni mimi, nitaongea na wenzangu huko juu," mpinzani wake hapati jibu jepesi. Anaweza kuwa mwadilifu kuliko yule, na mzaliwa wa kata hiyohiyo. Lakini swali la mama anayesubiri zahanati ni moja: utaipata wapi fedha?

Upepo wa juu hauvumi upande mmoja siku zote, hata hivyo. Mwishoni mwa Novemba 2014 Bunge lilijadili ripoti ya kamati iliyoongozwa na Zitto Kabwe kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, Benki Kuu. Watu walifuatilia mjadala ule redioni, kwenye daladala na vijiweni. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Desemba, wakaenda kuchagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Sasa mwenyekiti wa mtaa kazi yake ni kugonga mhuri kwenye barua za utambulisho na kuamua ugomvi wa mipaka ya viwanja. Akaunti za Benki Kuu haziko hata karibu na dawati lake. Lakini CCM, ingawa ilishinda sehemu kubwa ya nchi, ilipoteza mitaa mingi iliyozoea kuishika. Siku mbili baada ya kura, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alijiuzulu. Hasira ya bilioni 300 ilikuwa imemwangukia mwenyekiti mwenye mhuri.

Mwaka uliofuata upepo ule ukawa dhoruba. Vyama vya upinzani vilivyotoka pamoja kwenye Bunge Maalumu la Katiba vilikuwa tayari vimeungana katika UKAWA, na Julai 2015 Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, akahamia CHADEMA, mojawapo ya vyama hivyo. Urais hakuupata, John Magufuli alishinda kwa asilimia 58. Lakini karibu asilimia 40 za Lowassa zilibeba watu wengi mgongoni. Upinzani ukashika mabaraza ya Arusha, Mbeya, Moshi na Iringa, na baada ya uchaguzi wa meya kuahirishwa mara kadhaa, Machi 2016 ukapata pia umeya wa Jiji la Dar es Salaam. Miongoni mwa madiwani walioingia ukumbini mwaka ule walikuwamo ambao wapiga kura wao wenyewe wangepata tabu kuwataja majina.

Aliyeingia kwa upepo hutoka kwa upepo. Kuanzia 2017 madiwani wa upinzani walianza kujiuzulu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sentensi ileile: naunga mkono juhudi za Rais. Novemba 26 mwaka huo kata 43 zilirudia uchaguzi, CCM ikachukua 42. Upinzani ulilalamikia vurugu na mawakala wake kutolewa vituoni, na malalamiko hayo hayawezi kuwekwa kando mtu anapoyasoma matokeo hayo. Mwaka 1980 wasomi wawili wa Kijerumani, Karlheinz Reif na Hermann Schmitt, waliandika kwamba chaguzi za daraja la pili, zile zisizoamua nani atawale nchi, ni mahali ambapo wananchi huiadhibu serikali, kama kuionyesha kadi ya njano. Waingereza hufanya hivyo karibu kila Mei: mwaka 2025 chama cha Reform UK kilizoa mamia ya viti vya halmashauri huku gumzo likiwa wahamiaji wanaovuka bahari kwa mashua, jambo ambalo hakuna halmashauri inayoliamua. Kwetu mwaka 2017 kadi haikutolewa. Uchaguzi mdogo uligeuka mahali pa kutoa salamu.

Dar es Salaam ilipata somo lake peke yake. Meya wa upinzani aling'olewa Januari 2020. Februari 2021, wakati CCM imekwisha kulirudisha jiji mikononi, Rais Magufuli alilivunja Baraza la Jiji lenyewe na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Hakuna mkazi aliyepigia kura jambo hilo.

Sheria nayo inasukuma upande uleule. Mgombea binafsi haruhusiwi, hata wa udiwani, ingawa Mahakama ya Afrika iliamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki. Fundi cherehani anayeheshimiwa na kata nzima hawezi kugombea mpaka kwanza atafute chama, na chama kikimfukuza, kiti kinakwenda.

Kenya walijaribu dawa nyingine. Katiba ya 2010 inaziwekea kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa na inaruhusu wagombea huru, kwa hiyo mwakilishi wa wadi ana bajeti ya kweli ya kugombania. Hata hivyo katika ngome za vyama wapiga kura huhimizwa kupiga vipande sita, kuanzia rais hadi wadi. Mlima Kenya ulikuwa wa Jubilee mwaka 2017. Mwaka 2022 sehemu yake kubwa ikahamia chama cha UDA. Fedha peke yake haikuvunja mazoea, ingawa walau imempa mwananchi wa kule sababu ya kumkaba mwakilishi wake baada ya kura.

Kwetu ziko karibu kata 4,000, na mahali pekee ambapo mtu hupimwa kwa mfereji, kwa zahanati na kwa tabia yake ni kura za maoni za CCM. Pale alama ya chama haisaidii, maana wote wanayo. Pale watu hukumbushana nani alihudhuria misiba na nani alikula michango ya madawati. Na rushwa hutembea pale kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kila mtu anajua kwamba uchaguzi wenyewe ndio huo. Jirani asiye na kadi ya chama huja kusomewa jina baadaye, kwenye karatasi ya tatu.