Talai si chama cha siri, ni ukoo

Ukikaa Kericho au Bomet siku mbili tatu, utaskia stori za Walaiboni: eti ni kundi la siri, wachawi wa kuogopwa. Kabla hujaituma kwa grupu ya WhatsApp, hebu tuichunguze.

Kwanza, Talai ni ukoo. Hujiungi, unazaliwa humo. Walikuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis na Wanandi, na watu waliwaendea kupata baraka na ushauri. Ndiyo, wapo waliowaogopa. Lakini kuogopwa si njama.

Aliyeigeuza hofu hiyo kuwa kesi ni mkoloni, kwa sababu watu waliwasikiza wao kuliko yeye. Mwaka 1914 alimhamisha Kipchomber arap Koilegen kutoka Kericho. Mwaka 1934 akatunga sheria ya kuwaondoa Walaiboni. Hukuhitaji kufanya kosa. Jina la ukoo lilitosha. Watu wapatao 700, watoto na wazee wakiwemo, walipelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria.

Waliporudi uhuru ukikaribia, wengi hawakuwa na shamba. Mwaka 2021, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaka Uingereza iwajibike kwa mateso hayo.

Sasa mtu akikwambia usioe Mlaiboni, muulize ushahidi wake. Sheria ya 1934 ipo kwa maandishi. Hicho chama cha siri, nani amewahi kukiona?