Walinzi Wanne Ndani ya Prosesa

Paukwa! Pakawa!

Palikuwa na duka mjini Isiolo, kando ya barabara ya Moyale. Wafugaji walikopa sukari na majani chai, wakalipa wakishauza mbuzi. Jioni moja mwenye duka aliandika daftarini deni la shilingi 5000. Kesho yake akakuta 500. Nani kafuta sufuri? Kila mtu akaapa si yeye. Basi akaweka mlinzi, akamwagiza: “Watu waache wapite. Wewe kodolea macho mstari huu tu. Kalamu ikiugusa, piga kelele!”

Kompyuta nayo hupatwa na mkasa huo. Namba iliyo kwenye kumbukumbu hubadilika, na mtunga programu hajui ni amri ipi, kati ya mamilioni, iliyoibadilisha.

Mwaka 1985 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya 80386 yenye walinzi wanne ndani yake: rejista, yaani vihifadhi vidogo vya prosesa, DR0 hadi DR3. Kila moja hushika anwani moja ya kumbukumbu. Rejista nyingine, DR7, huwapa maagizo: ngojeni anwani hii iandikwe, au amri iliyopo hapo itekelezwe. Jambo hilo likitokea, prosesa husimamisha programu papo hapo, na rejista DR6 hutaja mlinzi aliyepiga kelele.

Sasa, kiini cha mfumo endeshi kinaingiaje? Kwanza, programu za kawaida haziruhusiwi kugusa rejista hizo; ruhusa kinayo kiini peke yake. Pili, programu nyingi hupokezana prosesa moja, mara nyingi kwa sekunde. Kila zamu ikibadilika, kiini lazima kibadilishe anwani za walinzi, la sivyo watamkamata asiyehusika. Tatu, walinzi ni wanne tu. Ombi la tano likija, kiini hulikataa.

Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa hiyo hiyo ya 386. Lakini utaratibu mmoja wa kuwagawa walinzi hawa kati ya kiini chenyewe na programu za watumiaji uliingia katika toleo la 2.6.33, Februari 2010. K. Prasad na Frederic Weisbecker ni miongoni mwa walioujenga.

Nanyi mnaojifunza lugha ya C, namba ikiwabadilikia bila sababu, msikae kubahatisha. Fungueni GDB, programu ya kusaka makosa, andikeni watch na jina la namba hiyo ili awekwe mlinzi, kisha endesheni programu yenu. Itasimama yenyewe na kuwaonyesha thamani ya zamani, thamani mpya na mahali programu ilipofika.