Je, Wajua? Ubongo wa mwanamke ulivyochelewa kupigwa picha

Haiba ya skizotipia humfanya mtu ashuku wenzake, ajitenge, aone ishara nzito katika mambo ya kawaida. Tafiti za mwanzo za picha za ubongo kuhusu hali hiyo ziliwatazama wanaume zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya MRI vya wanawake wenye hali hiyo ambao hawakuwahi kutumia dawa za saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia): tabaka la kijivu la ubongo lilikuwa dogo kuliko la wanawake wazima, na maji ya ubongo yalizidi kwenye mikunjo. Kwa hiyo dawa haziwezi kusingiziwa kuwa zilileta tofauti hizo, na hilo ndilo jambo kubwa.

Picha hizo hazitoshi kumtambua mgonjwa. Mwanamke mwenye dalili hizo, tuseme wa Cheyo, Tabora, anahitaji kwanza kusikilizwa na mtaalamu, katika hospitali ya Kitete mjini humo au ya Mirembe, Dodoma.