Bei ya Saa Moja Disneyland: Utangulizi wa Uchumi wa Likizo ya Familia

Somo ninalokufungulia hapa huachiwa vipeperushi vya mawakala wa safari, ilhali wachumi wakubwa wamelishughulikia kwa miaka mingi. Mwaka 1971 mchumi wa Marekani Walter Oi alichapisha makala katika jarida la Quarterly Journal of Economics akiitumia Disneyland kuuliza swali moja: je, mwenye bustani ya burudani atoze pesa mlangoni, au atoze kwa kila mchezo? Mzazi wa Dodoma au Nakuru anayetaka kuwapeleka watoto ng'ambo huenda hajawahi kulisikia swali hilo, lakini jibu lake linagusa kila senti atakayotoa. Tuanze hapo, twende taratibu. Hesabu zote tutakazokutana nazo ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Kwanza tukubaliane maneno. Bustani ya burudani, kwa maana ya somo hili, ni eneo lililozungushiwa uzio lenye michezo ya kupanda, maonyesho na mikahawa, vyote vikiwa vimejengwa kufuata hadithi fulani. Disneyland ya kwanza ilifunguliwa Anaheim, California, mwezi Julai 1955. Mfano wetu utakuwa Disneyland Paris, iliyofunguliwa Aprili 12, 1992 huko Marne-la-Vallée, kilomita zipatazo 32 mashariki mwa jiji la Paris. Nimeichagua kwa sababu familia nyingi zina ndugu Ulaya, na safari ya kumwona shangazi au mjomba aliyeko huko huzaa kwa urahisi siku mbili tatu za watoto.

Zamani pale Anaheim mgeni alilipa kiingilio, kisha akanunua kijitabu cha kuponi zenye herufi. Kufikia 1959 herufi zilitoka A hadi E: kuponi ya A ilikupandisha mchezo mdogo, ya E mchezo mkubwa kuliko yote. Mpangilio huu wa kulipa mlangoni na kulipa tena ndani wachumi huuita bei ya sehemu mbili. Mwaka 1982 kuponi ziliondolewa. Tangu hapo unalipa mara moja, na ukishaingia kila mchezo ni bure.

Je, kitu kikiwa bure, ni nani atakayekipata? Atakayesubiri. Foleni ndiyo ilirithi kazi ya kuponi. Kwa hiyo unapokata tiketi ya bustani ya leo, unanunua saa kadhaa za kuwamo ndani, kisha unazitumia saa hizo kulipia michezo. Nakuomba ulishike jambo hili moja kabla ya mengine: bidhaa unayoinunua ni saa. Mzazi anayehangaikia punguzo la euro tano la tiketi, halafu akafika saa sita mchana, ametupa kitu cha thamani kubwa zaidi ya hicho alichookoa.

Sasa tuzitazame gharama. Zipo ambazo hazibadiliki hata ukikaa siku moja au kumi: nauli ya ndege, viza, bima. Hizi ni gharama zisizobadilika. Zipo zinazoongezeka kila siku: chumba, chakula, kiingilio. Hizo ni gharama zinazobadilika. Tuchukue familia ya kubuni ya wazazi wawili, mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 4. Tuseme ndege, viza na bima vimefika euro 3,600. Wakiingia bustanini siku mbili, kila siku imebeba euro 1,800. Wakiingia siku tatu, kila siku imebeba 1,200.

Hapa wengi huchanganyikiwa, na si ajabu. Hesabu hiyo ya wastani inakushawishi uongeze siku, maana kila ukiongeza, siku inaonekana kuwa rahisi. Swali sahihi ni jingine: siku ya tatu yenyewe itanitoa kiasi gani zaidi? Kiasi hicho huitwa gharama ya nyongeza. Kama chumba, chakula na kiingilio cha familia hii kwa siku moja zaidi ni euro 500, basi euro 500 ndizo za kupima dhidi ya furaha ya watoto. Zile 3,600 zimekwisha kutoka na hazirudi, usiziingize tena kwenye mizani. Tutazihitaji hizi 500 mwishoni, kwa hiyo ziweke akilini.

Kutokana na hayo, akiba kubwa iko wapi? Mimi nasema iko kwenye kalenda, na hapa naomba tukae kidogo. Disneyland Paris huuza tiketi kwa bei inayobadilika, yaani bei hupandishwa siku ambazo wengi wanataka kuja na kushushwa siku ambazo wachache wanataka. Hoteli na ndege hufanya vivyo hivyo. Siku ya umati unalipa mara mbili: kwa pesa, kisha kwa foleni. Siku tulivu unaokoa mara mbili.

Umati wa Marne-la-Vallée unaendeshwa hasa na shule za Ufaransa. Nchi ile imegawanywa katika kanda tatu, A, B na C, ambazo hupokezana likizo ya majira ya baridi na ya majira ya kuchipua, hivyo kati ya Februari na mwanzo wa Mei kuna majuma mengi ambayo angalau kanda moja iko likizo. Mei ina sikukuu zake, ya kwanza na ya nane, na ile ya Kupaa kwa Bwana ambayo daima huwa Alhamisi, na Wafaransa wengi huiunganisha na mwisho wa wiki. Likizo kubwa ya kiangazi huanza mapema Julai na kwisha Agosti.

Linganisha na kalenda ya nyumbani. Shule za Tanzania hufunga mwezi Juni, wakati watoto wa Kifaransa bado wako darasani na jua la Paris halijazama hadi karibu saa nne za usiku. Juni, siku za katikati ya wiki, ni zawadi kwa mzazi wa Kitanzania, na nashangaa wengi wanavyoiacha wakasubiri Desemba, wakati wa Krismasi, bei zikiwa kileleni. Mzazi wa Kenya hana bahati hiyo. Likizo ya Agosti inagongana na ya Wafaransa, ila shule zinapofungwa kwa mwisho wa mwaka anapata Novemba, na baada ya sikukuu ya Wafaransa ya tarehe 11 kuna siku za katikati ya wiki zenye utulivu. Baridi ipo, basi nunua makoti ya mitumba mapema, kwenye masoko kama Gikomba au Karume, kabla ya kuyakuta kwa euro.

Kuna kalenda nyingine ambayo watu huisahau: umri wa mtoto. Aliye chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu ya tiketi ya bustani. Kuanzia miaka 3 hadi 11 analipa bei ya mtoto. Akifikisha 12 ni mtu mzima. Mashirika ya ndege nayo kwa kawaida humhesabu wa miaka 12 kama mtu mzima, na viza vilevile. Kama mwanao anatimiza miaka 12 mwezi Agosti na mnaweza kusafiri Juni, hiyo Juni ina thamani maradufu.

Viza nitaieleza kwa ufupi, maana kanuni zake ziko wazi. Viza ya Schengen, inayokuruhusu kuingia Ufaransa na nchi nyingine za eneo hilo kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya kila siku 180, imekuwa euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa aliye chini ya 6. Familia yetu italipa euro 225, ukiacha malipo ya kituo kinachopokea maombi. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Ada hairudishwi ukinyimwa, kwa hiyo hadi viza itoke chukua chumba kinachoweza kughairiwa bila kutozwa. Ndugu wanaoishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania wakumbuke kwamba kibali cha ukaazi cha Uingereza hakichukui nafasi ya viza hii.

Mahali pa kulala ndipo saa na pesa hukutana uso kwa uso. Treni ya RER A, tawi linaloishia Marne-la-Vallée–Chessy, hukutoa katikati ya Paris na kukushusha hatua chache kutoka lango la bustani kwa dakika kama 40. Hakikisha ubao wa kituoni umewasha jina hilo, kwani tawi jingine linakwenda Boissy-Saint-Léger. Mwaka 2025 nauli ziliunganishwa kuwa moja kwa mkoa mzima, ikianza na euro 2.50, na watoto wa miaka 4 hadi 9 hulipa nusu. Chumba cha Paris basi kinawezekana, lakini kila siku kinakula dakika 80 za watoto waliochoka. Ushauri wangu ni Val d'Europe, kituo kimoja kabla ya Chessy. Kuna hoteli za kawaida na nyumba za kupanga zenye jiko, na duka kubwa la Auchan ambako jioni mtanunua mkate mrefu, jibini, ndizi na chupa za maji. Vitafunio vya familia vinaruhusiwa kuingia bustanini, na chupa hujazwa tena kwenye mabomba ya ndani.

Sasa tumefika kwenye sehemu ngumu kidogo na tamu kuliko zote, foleni yenyewe. Mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kanuni ambayo leo ina jina lake. Fikiria ndoo zilizopangwa bombani: kama mbele yako kuna ndoo 20 na bomba linajaza 2 kwa dakika, utasubiri dakika 10. Mchezo unaochukua watu 1,200 kwa saa, ukiwa na watu 900 mbele yako, utakuweka dakika 45. Wakiwa 300, ni dakika 15. Kasi ya mchezo ni ileile, kinachobadilika ni waliokutangulia. Ndiyo maana saa ya kwanza asubuhi inakupa michezo mikubwa mitatu, na ya saa nane mchana inakupa mmoja. Fika kabla lango halijafunguliwa, kuleni mapema saa tano na nusu wengine wakiwa foleni, na mwanzo wa jioni umati unapofuata maandamano ya burudani, rudini kwenye michezo.

Kabla ya kuondoka nyumbani, simamisha watoto kwenye mwimo wa mlango na uweke alama ya penseli. Big Thunder Mountain inataka urefu wa mita 1.02 na Hyperspace Mountain mita 1.20. Mtoto akiwa hajafika, wazazi huweza kupokezana: mmoja anapanda huku mwingine akibaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Waulizeni wahudumu mlangoni mwa mchezo.

Bustani pia inauza njia ya haraka, inayoitwa Premier Access, kwa bei inayobadilika kila siku. Je, inafaa? Sasa unaweza kujibu mwenyewe. Chukua zile euro 500 za siku ya nyongeza, uzigawanye kwa saa 10 za bustani: saa moja ya ziada ya familia nzima ni euro 50. Tuseme njia ya haraka ni euro 15 kwa kila mmoja, jumla 60, nayo inawaokolea dakika 45. Dakika hizo kwa bei ya siku ya nyongeza ni euro 37.50. Hapo afadhali kuongeza siku. Lakini kama mna siku moja tu na ndege inaondoka kesho yake alfajiri, siku ya nyongeza haiuzwi tena kwa bei yoyote, na zile euro 60 zinastahili kufikiriwa upya.