Gari Halipigi Magoti

Familia ya wafugaji ilipohama katika nyanda za Wajir, mzee asiyeweza kutembea alisafiri juu ya ngamia wa mizigo. Ngamia alipigishwa magoti, mikeka na vijiti vya nyumba vikafungwa mgongoni, kisha mzee akapandishwa pamoja na watoto wadogo. Ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza, na aliye juu hutupwa mbele ghafla. Aliyekulia kwenye mifugo hulijua hilo, ndiyo maana husimama kando amshike mzee hadi mnyama atulie.

Leo mzee wa Griftu anayekwenda kliniki hupanda Land Cruiser au Probox hadi mjini Wajir, na akipewa rufaa hupanda basi la Garissa, likipitia Habaswein na Modogashe, zaidi ya kilomita 300. Wengine husonga mbele hadi Nairobi. Mwendo tumeupata, lakini gari halipigi magoti. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wazee wengi ninaowapokea wakiwa hoi baada ya safari kama hiyo hawakuumizwa na umbali. Waliumia wakipanda au wakishuka, walikaa saa nyingi bila kujigeuza, au walikataa kunywa maji.

Nianze na kupanda. Mazoea yetu ni vijana wawili kumshika mzee makwapani na kumvuta juu. Bega la mzee halistahimili mvuto huo, hasa la upande uliopooza kwa kiharusi. Kunja leso au kikoi kirefu, mfunge kiunoni juu ya nguo, kisha umshike kwa kitambaa hicho. Weka kigoda imara kisichoyumba kando ya mlango, au mwombe dereva asimamishe gari kando ya ardhi iliyoinuka. Mzee akipe kiti mgongo, arudi nyuma hadi ahisi ukingo wake nyuma ya mapaja, aketi, ndipo miguu iingizwe mmoja baada ya mwingine. Wakati wa kushuka fuata njia ileile kinyumenyume: miguu nje kwanza, nyayo zikanyage chini, kifua kiiname mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha ainuke. Wewe unayemsaidia kunja magoti yako, usipinde mgongo.

Kabla ya siku ya safari, amueni nani atamshika. Mama mtu mzima hataki kushikwa kiuno na makanga asiyemjua, na ana haki ya kukataa. Awepo mwanawe, binti yake au ndugu wa karibu aliyefundishwa hatua hizi nyumbani.

Ndani ya basi, omba kiti cha katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Anayekaa juu ya gurudumu au nyuma kabisa hurushwa na kila shimo, na mifupa iliyodhoofika huweza kuvunjika kwa mrusho mmoja. Mkalishe juu ya godoro jembamba la sponji lililokunjwa. Usitumie mto wenye tundu katikati, kwa kuwa hubana ngozi inayozunguka tundu na kuipunguzia damu. Kila nusu saa aegemee upande mmoja, kisha wa pili, ili makalio yapumue. Kidonda cha mgandamizo huweza kuanza kwa safari moja, kikachukua miezi kupona.

Miguu nayo ina hatari yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti wake kuhusu wasafiri: kukaa bila kusogea kwa saa 4 au zaidi, iwe ndegeni, kwenye basi au garini, huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa msafiri mzima wa afya uwezekano huo bado ni mdogo, ila uzee, saratani na upasuaji wa karibuni huuzidisha. Mzee apinde na kunyoosha vifundo vya miguu mara kumi kumi kila saa, hata akiwa ameketi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, mfikisheni hospitali iliyo karibu mara moja.

Lililo zito kuliko yote ni maji. Mwili ukizeeka, hisia ya kiu hufifia, na joto la huku halisamehe. Niliwahi kumpokea ayeyo (bibi) mmoja, midomo imepasuka, ulimi mkavu, anachanganya majina ya watoto wake. Mwanawe aliniambia kwamba njia nzima alimsihi, “Hooyo, kunywa maji.” Naye alimjibu kwa jina hilohilo la “mama”, kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe, “Nikinywa, nitajistiri wapi, hooyo?”

Jibu la swali hilo liandaliwe kabla ya kumpa kikombe. Chukueni kiti cha plastiki, kateni tundu la duara katikati, imarisheni miguu yake kwa mbao, na kijaribuni kwanza kwa mtu mzito zaidi. Chini yake weka ndoo yenye kifuniko. Bebeni leso mbili za kumzungushia, kopo la kutawadhia, na nepi za watu wazima kwa dharura. Elewaneni na dereva mapema mahali pa kusimama. Akishajua kwamba sitara yake imepangwa, atakunywa. Mpe mafunda machache kila mara. Aliye na ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake. Kuhusu swala, ruhusa ya msafiri na mgonjwa inajulikana: kupunguza, kukusanya, kuswali ameketi. Mwulizeni sheikh wenu mapema, ili mzee asilazimishe magoti yake kwenye changarawe.

Kwenye vizuizi vya polisi abiria huteremshwa kukaguliwa. Kitambulisho cha mzee, barua ya rufaa na orodha ya dawa viwe kwenye mkoba wa anayeketi naye, visifungwe kwenye mizigo. Mwombeni afisa kwa heshima amkague kwenye kiti. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na utu, na haki hiyo haikomei nyumbani. Dawa nazo zisiwekwe kwenye buti. Insulini huharibika kwa joto.

Mvua za gu (masika) na deyr (vuli) huweza kukata barabara, kama mafuriko yalivyofanya mwishoni mwa 2023. Bebeni dawa za siku kadhaa zaidi ya mlizopanga.

Siku moja kabla ya kuondoka, jaribuni kupanda na kushuka gari likiwa limesimama kivulini. Na kabla ya kila kumwinua, msihesabu ninyi. Aseme yeye, “Kow, laba, saddex,” na katika tatu yake ndipo mikono yenu iinuke.