Mabawa ya Kuku: Sosi Hupakwa Mwisho

Jioni ya Jumamosi, jiko la mkaa limewaka uani na mabawa ya kuku yamepangwa juu ya wavu. Tangu mchana yamelala ndani ya asali na pilipili. Dakika 5 hazijaisha, moshi unafuka na ngozi imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mpishi anayaepua haraka akiamini yameiva. Bawa la kwanza linavunjwa, na nyama ya karibu na mfupa bado ni ya waridi na baridi.

Chanzo ni sukari. Sukari ya kawaida huanza kugeuka kahawia kwenye nyuzijoto 160 hivi. Asali huwahi zaidi, kwa sababu imejaa fruktosi, ambayo huanza kugeuka kwenye nyuzijoto 110 tu. Wavu ulio juu ya makaa mekundu hupita 200 kwa urahisi, ilhali bawa linahitaji takriban nusu saa ya moto wa wastani ili nyama ya mfupani ifike nyuzijoto 74 na iwe salama kuliwa. Hakuna asali inayohimili nusu saa hiyo. Kwa hiyo mabawa huchomwa kwa chumvi peke yake, sosi hupikwa kando, na vitu hivyo viwili hukutanishwa katika dakika 3 au 4 za mwisho.

Hata mabawa yaliyovuma kutoka mji wa Buffalo, jimbo la New York, yalifuata utaratibu huo. Teressa Bellissimo wa Anchor Bar, anayetajwa kuyabuni mwaka 1964, aliyakaanga kwanza, ndipo akayagaragaza kwenye sosi ya pilipili na siagi.

Kwa jiko la nyumbani Afrika Mashariki, msingi bora wa sosi tamu yenye ukali ni ukwaju. Asidi yake ya tartariki huukata utamu, mlaji akafika bawa la nne bila kukinai. Kwa kilo 1 ya mabawa, gramu 100 za ukwaju hulowekwa kwenye kikombe cha maji ya moto kwa dakika 15, hukamuliwa kwa mkono na kuchujwa, kokwa na nyuzinyuzi zikabaki kwenye chujio.

Punje 5 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi na pilipili mbuzi 2 hupondwa kinuni, kisha hukaangwa kwa dakika 1 ndani ya vijiko 2 vikubwa vya siagi, moto ukiwa mdogo. Wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo sosi inapoharibika. Kapsaisini, kiini cha mwasho wa pilipili, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Huyeyuka kwenye mafuta. Ikipitia kwenye siagi, ukali husambaa sawasawa. Ikitumbukizwa tu kwenye maji ya ukwaju, tonge moja huwa poa na linalofuata hutoa machozi.

Pilipili mbuzi ni jamii moja na habanero, na ukali wa jamii hiyo hufikia vipimo 100,000 hadi 350,000 katika mizani aliyoianzisha mfamasia Wilbur Scoville mwaka 1912. Mbegu husingiziwa bure: sehemu kubwa ya mwasho imo kwenye utando mweupe unaozishikilia. Utando ukikwanguliwa, ile harufu tamu kama ya tunda hubaki na moto hupungua.

Sasa huingia ukwaju, vijiko 4 vikubwa vya asali na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sosi hutokota bila kufunikwa kwa dakika 8 hadi 10. Chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake: njia ya kidole ikibaki wazi bila kujifunga, epua. Ikipoa itazidi kuwa nzito, hivyo anayeisubiri igande jikoni atapata peremende. Unga wa mahindi huiharakisha, ila huifubaza ladha, na haustahili kuwamo.

Ionjwe ikiwa vuguvugu. Kapsaisini huamsha kipokezi kilekile cha neva kinachohisi joto, ugunduzi uliochangia kumpa David Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Sosi inayochemka huonekana kali kuliko ilivyo, na mpishi huongeza asali isiyohitajika. Aliyewashwa anywe maziwa, maji hayamsaidii.

Kabla ya kupaka, gawa sosi mafungu mawili. Fungu moja lipakwe kwa brashi jikoni, la pili lifunikwe na lisubiri mezani. Brashi iliyogusa nyama isiyoiva imebeba vijidudu, na sosi iliyochovewa brashi hiyo haifai kuchovewa bawa lililoiva.